Nyigu wa Mkia Mfupi

Mzee Ndululu alilitua kopo la mafuta ya Kimbo juu ya meza ya maabara kwa kishindo, kifuniko kikaruka na kubingirika hadi chini ya sinki. Hakuinama kukiokota. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumatano, na mtu anayevaa koti la Jumapili katikati ya wiki hajaja kusalimia tu.

"Daktari," alisema, "hawa ni watoto wenu. Nimewarudisha nyumbani."

Daktari Kaluki Mutie alilivuta kopo karibu na dirisha. Ndani mlikuwa na vipande vya sega lililokauka, utando mchafu wa nondo, na vumbi. Mtu mwingine angeona vumbi tu. Yeye, aliyekuwa amesomea wadudu kwa sehemu kubwa ya maisha yake, aliona kwamba vumbi hilo lilikuwa na mabawa.

"Umewatoa wapi, mzee?"

"Ndani ya mizinga yangu, ile ya bondeni. Nyuki hakuna. Asali hakuna. Kuna hao tu, wamekufa wamejaa chini kama pumba."

Nyuma yake alisimama mkwe wake, Kilonzo, mkulima aliyekuwa pia mwalimu wa kwaya, mwenye sauti iliyozoea kujaza jengo. "Mlituambia nyigu wenu wanaua funza wa mabua peke yake," alisema. "Mimi mwenyewe nikakubali muwafungue katika shamba langu. Kumbe wakimaliza funza wanapanda miti!"

"Hawapandi miti kutafuta nyuki," Kaluki alimjibu.

"Basi walipandishwa." Kilonzo aligeuza kichwa polepole hadi macho yake yakamfikia Keinan Maano, fundi wa maabara, aliyekuwa akiosha mirija ya kioo kwenye sinki. "Mwenye ufunguo wa chumba chao si yule pale? Na mjomba wake Muktar si anauza asali kule Tseikuru? Asali ya Kibwezi ikipotea, niambieni nyinyi wasomi, nani atauza vizuri?"

Keinan hakugeuka. "Bwana Kilonzo, mimi nikipanda kiti kubadilisha balbu, daktari hunishikia miguu. Huo mgunga wenu ningeupandaje?"

"Cheka tu. Ijumaa utachekea mbele ya watu."

"Naibu chifu ameitisha baraza," Mzee Ndululu alieleza, kwa sauti ya chini kuliko ya mkwewe. "Watu wanataka hivyo vizimba vya nyigu vichomwe. Na huyu kijana arudi kwao."

Kijana huyo alikuwa amepita miaka thelathini na mitano, ana mke na watoto, na alizaliwa Tseikuru, katika wilaya ileile ya Kitui alikozaliwa Kaluki. Lakini Kaluki aliposemwa ametoka Kitui ilikuwa habari tu. Keinan, mwenye jina la Kisomali, aliposemwa ametoka Tseikuru ilikuwa shtaka. Kazi yake ilikuwa ya mkataba unaoandikwa upya kila mwaka. Baraza likimfukuza, makao makuu hayangebishana na naibu chifu kwa ajili ya fundi mmoja, na hakuna kituo cha utafiti ambacho kingempokea mtu aliyetajwa kuwa mhujumu.

Kaluki alilijua hilo. Alijua pia kwamba huruma peke yake haithibitishi kuwa mtu hana hatia. Aliwaaga wageni, akafunga mlango, akavuta kiti mbele ya hadubini.

Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na kituo chao kidogo kando ya mji wa Kibwezi kilikuwa na kazi moja: kufuga nyigu wadogo walioletwa kutoka ng'ambo, na kuwafungua mashambani ili wawaangamize funza wanaotoboa mabua ya mahindi na mtama. Nyigu hawa si wale wanaojenga chini ya paa na kuuma watoto. Hawafikii nusu ya punje ya mtama. Jike hujipenyeza ndani ya tundu la funza, humchoma na kumtagia mayai mwilini. Mayai huanguliwa humohumo, watoto humla funza kutoka ndani, kisha hutoka na kujisokotea vifuko vyeupe vya hariri, vingi kwa pamoja, kama kipande cha pamba kilichosahauliwa ndani ya bua.

Aliumimina uchafu wa kopo katika sahani nyeupe, akaunyunyizia spiriti usipeperuke, akaanza kuuchambua kwa brashi yenye nywele chache. Nyigu walikuwa wengi, wote weusi, wote wa kimo kimoja. Kilonzo angesema ni walewale. Hata vitabu vya zamani vingesema hivyo, kwa kuwa kwa miaka mingi wataalamu waliwaweka wote katika jenasi moja, ukoo mmoja mkubwa wa Apanteles, kabla ya mtu kukaa chini na kuugawa kwa kuangalia maungo yao kwa makini zaidi.

Kaluki alimgeuza wa kwanza kwa ncha ya sindano. Nyuma ya tumbo palichomoza mrija wa kutagia mayai, mrefu, kama mkia. Mwenye mkia huo anauhitaji: hutafuta viwavi waliojificha ndani ya utando. Alimlaza kifudifudi, akaangalia bamba la mwisho la kifua, nyuma ya mabawa. Pale palikuwa na matuta membamba yaliyozunguka kijumba kimoja chenye pande sita, mfano wa tundu la sega. Apanteles. Huyu hakumshtua. Ni mwenyeji, na huwafuata viwavi wa nondo wa nta popote wanapoharibu masega.

Wa pili hakuwa na mkia. Mrija wake ulikuwa mfupi, umejikunyata chini ya tumbo. Bamba la kifua lilikuwa la kukwaruza, lina tuta moja tu katikati, wala hapakuwa na kijumba. Kaluki aliinua kichwa, akasafisha lenzi kwa kitambaa, akaangalia tena. Cotesia. Ukoo wa nyigu waliokuwa katika vizimba vyake, chumba cha pili.

Hakuridhika bado. Ukoo huo una ndugu wa kienyeji wanaoishi porini tangu zamani, na majike yao hayatofautishwi kwa urahisi. Alitafuta dume, akamchemsha ndani ya magadi makali hadi nyama ikayeyuka, akakitenga kiungo chake cha uzazi na kukilaza chini ya kioo. Umbo la kiungo hicho halidanganyi. Alikuwa yule wa ng'ambo.

Basi Kilonzo alikuwa amesema kweli katika jambo moja: nyigu wa kituo walikuwa ndani ya mizinga. Na nyigu huyo hutoka kwa funza, na funza hukaa ndani ya bua. Ndani ya mzinga hamna bua. Kwa hiyo kuna mkono uliowapeleka.

Kulikuwa pia na mashada ya vifuko vyao vya hariri katika uchafu ule. Vifuko vya maabara huwa vyeupe. Hivi vilikuwa na doa jekundu la kutu. Kaluki alidhani ni gundi ya nyuki, akavisukuma kando.

Alisimama, akaenda chumba cha pili. Kizimba cha pembeni, karibu na dirisha, kilikuwa tupu na kimeoshwa.

"Keinan. Waliokuwa humu wako wapi?"

"Walipata ukungu. Niliwatupa."

"Lini?"

"Ulipokuwa Nairobi."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia, daktari. Uliporudi, asubuhi. Ulikuwa umeinamia hadubini. Ulisema 'mm.'"

Kaluki hakukumbuka mm yoyote. Alimtazama usoni, uso mwembamba, mtulivu, usiompa mtu kitu. Kwa miaka minne alikuwa ameupenda utulivu huo. Sasa alijiuliza ulikuwa ukifunika nini. Mjomba kweli alikuwa na duka la asali. Keinan kweli alikwenda Tseikuru mwishoni mwa kila mwezi. Na kizimba kweli kilikuwa tupu. Kila jambo peke yake halikuwa na uzito, lakini yakipangwa pamoja yalisimama.

"Nipe ufunguo," alisema.

Keinan alikausha mikono yake kwa taulo, kidole kimoja kimoja. Akautoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza, kando ya kopo la Kimbo.

"Nitoe na mwingine?" aliuliza. "Nina wa nyumbani kwangu, na wa baiskeli."

Kaluki aliuchukua ufunguo, akaufungia ndani ya droo.

Alhamisi asubuhi alishuka bondeni na Mzee Ndululu. Alitaka kuona jinsi mtu anavyoweza kumimina nyigu ndani ya mzinga ulio juu ya mti: kwa tundu gani, kwa chombo gani. Kilonzo hakuja. Alikuwa na mazoezi ya kwaya, mzee alisema, ingawa ilikuwa saa tatu asubuhi.

Mizinga ilikuwa ya magogo, ya kizamani, imening'inia kwa kamba kwenye migunga, na kila mmoja ulikatwa alama ya ukoo wa mwenyewe ubavuni. Mzee alimwonyesha kwa kidole. "Zamani alama hii ilikuwa inatosha. Mtu aone, apite. Kugusa mzinga wa mwenzako lilikuwa jambo la kufukuzwa na ukoo. Sasa tunaona wageni wanakuja na nyigu."

Kaluki aliliacha neno hilo lipite.

Walilegeza kamba, mzinga wa kwanza ukashuka taratibu hadi majanini. Upande mmoja ulikuwa na kifuniko cha mbao kilichochongwa vizuri. Upande wa pili haukuwa na kifuniko. Ulikuwa umezibwa kwa kitu kilichopakwa udongo na samadi ya ng'ombe, na mzinga ukiwa juu mtini, mtu aliye chini asingetambua tofauti.

"Na hapa?"

"Ni Kilonzo. Miguu yangu haipandi tena, yeye ndiye anaikagua. Nadhani nyegere, yule mnyama mwizi wa asali, alivunja kifuniko, Kilonzo akaziba. Mimi Jumanne tulipoiteremsha nilifungua upande huu wa mbao."

Kaluki alichukua kisu chake kidogo, akabandua udongo. Ndani palikuwa na mabua yaliyokatwa kwa kipimo na kushindiliwa kwa nguvu, bua kwa bua. Alilitazama bua la kwanza kwa muda. Ndani ya mzinga hamna bua: ndivyo alivyokuwa amejiambia jana, akiwa amekaa kitini.

Alilichomoa, akalipasua kwa urefu. Nyama yake nyeupe ilikuwa na mfereji wa funza, na kando zote za mfereji zilikuwa nyekundu kama kutu. Katikati ya wekundu huo lilikaa shada la vifuko vya hariri, vitupu, vilivyotobolewa ncha. Doa lilikuwa lilelile. Haikuwa gundi ya nyuki.

"Mzee, hili ni bua la nini?"

Ndululu alilipokea, akalinusa. "Mtama. Mtama ukiliwa na funza hulia damu namna hii. Mahindi hayawi mekundu."

Katika maabara, funza walilishwa vipande vya mabua ya mahindi machanga. Wala hapakuwahi kuingia bua la mtama katika jengo lile. Nyigu waliotoka katika vifuko hivi hawakuzaliwa kwenye kizimba. Walizaliwa shambani, kutoka kwa wazazi waliofunguliwa mwezi wa Mei, na waliingia mzingani wakiwa bado wamelala ndani ya bua. Wakaamka gizani, bila funza wa kutagia, wakafa.

Jambo hilo lingemfurahisha siku nyingine. Lilimaanisha kwamba nyigu wake walikuwa wamezaana mashambani bila msaada wa mtu. Aliliweka kando.

"Nani amelima mtama mwaka huu upande huu?"

"Nani apande mtama, na kwelea wamekuwa wengi hivi? Watu wote wamepanda mahindi." Mzee alikuwa bado ameshika bua. "Kilonzo peke yake. Yeye ana watoto wa kwaya, wanamfukuzia ndege."

Kaluki alipiga magoti akamulika tochi ndani ya mzinga. Masega hayakuwa yameraruliwa. Yalikuwa yamekatwa kwenye mizizi yake, sawasawa, kwa kisu, ya asali na ya watoto wa nyuki pamoja. Vilibaki visiki vidogo vyenye utando wa nondo. Katika utando huo aliona vifuko vya nyigu wa mkia mrefu, kimoja hapa, kimoja pale.

"Nyegere huacha alama za kucha kwenye mti," alisema bila kuinua kichwa. "Angalia ukingo."

Mzee alipitisha kidole kuzunguka mdomo wa gogo. Ulikuwa laini.

"Nitakuambia ninachoweza kuona, mzee. Mtu alikata kila kitu, hadi watoto wa nyuki. Nyuki wakahama, maana hawakubakiwa na cha kulinda. Nondo wa nta hawatawali mzinga wenye nyuki wengi; huja ukiwa mtupu. Wakaja. Nyigu wa mkia mrefu wakawafuata hao nondo, ni kawaida yao. Na wa mkia mfupi, hawa wetu, waliletwa ndani ya haya mabua, na aliyeyaleta hakujua kama wamo. Hakuna nyigu aliyekula nyuki wako."

"Na mizinga mingine?"

Waliiteremsha. Yote ilikuwa imezibwa vivyo hivyo.

Mzee Ndululu aliikalia mizizi ya mgunga, akavua kofia. Kaluki alimwangalia na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama mzee mwenyewe hakujua tangu mwanzo. Mtu anaweza kuvaa koti la kanisani ili kulisimamia jambo lake la kweli. Anaweza pia kulivaa ili aonekane amelisimamia. Uso wa mzee haukumpa jibu.

"Twende tunywe chai," mzee alisema mwishowe.

Nyumbani, mkewe Syokau aliwamiminia chai ya maziwa na kuweka mezani bakuli la asali badala ya sukari. Asali ilikuwa ya dhahabu iliyokolea, na ndani yake kulikuwa na vipande vya nta.

"Weka nyingi, daktari, usiogope," Syokau alisema. "Hii ni ya mahari ya binti yetu, Mbula. Kilonzo alituletea ndoo kubwa, imejaa. Ukame wote huu! Wakwe wa watu wengine wanaleta visingizio, wa kwangu analeta asali. Mke wa mchungaji alipoiona alinyamaza kabisa."

"Aliipata wapi?" Ndululu aliuliza. Aliuliza akiangalia kikombe.

"Si nilikuambia? Alinunua Kitui, kwa watu wa huko."

"Lini?"

"Baba Mbula, umekuwa polisi? Ile wiki aliyovuna mtama. Mikono yake ilikuwa imevimba, nikamwambia, mwanangu, mtama unakuumiza hivyo?"

Kuku aliingia, akafukuzwa. Mzee alirudisha kijiko chake mezani kikiwa kikavu, akanywa chai hivyohivyo, bila utamu, hadi akaimaliza.

Alimsindikiza Kaluki hadi kwenye njia. Huko alisimama, akatazama kwanza nyuma.

"Nimelipwa mahari kwa asali yangu mwenyewe," alisema. "Nami nikasimama kanisani nikamsifu."

Kaluki aliuhamisha mkoba wake hadi bega la pili.

"Hilo bua uliloweka kwenye mkoba. Unalipeleka wapi?"

"Barazani."

"Mbula ana mtoto anyonyaye, daktari. Nikisema kesho kwamba mume wake ni mwizi wa mizinga, nitamrudisha nyumbani binti yangu na mtoto wake, na mimi sitakuwa na uso wa kwenda popote."

"Na usiposema, Keinan atafukuzwa."

"Huyo si wa kwangu."

"Ni wa kwangu," Kaluki alisema, na papo hapo akaukumbuka ufunguo uliokuwa ndani ya droo yake. Aliongeza, kwa sauti ya kawaida: "Mimi nitasema nilichokiona. Nisichokiona sitakisema. Sikumwona mtu juu ya mti. Lakini nikiulizwa mtama ulitoka wapi, nitajibu."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kama mnunuzi anayemtazama ng'ombe wa mtu asiyemwamini. Kisha akavaa kofia yake na kurudi nyumbani.

Baraza lilikaa Ijumaa katika uwanja wa ofisi ya naibu chifu. Watu walileta viti vyao. Wengine walikalia matofali. Kando ya ukuta mtu alikuwa ameshaweka galoni ya mafuta ya taa, na hakuna aliyejifanya haioni. Keinan alisimama peke yake karibu na lango, mikono nyuma. Aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na Kaluki.

Naibu chifu, Bwana Musembi, alimpa Kilonzo nafasi ya kwanza. Kilonzo alisema vizuri. Alitaja umaskini, alitaja Maandiko, alitaja wageni. Alishika kopo la Kimbo juu na kulizungusha ili watu wote walione. "Daktari mwenyewe akane kama hawa si wake!"

"Ni wetu," Kaluki alisema kutoka alipokaa. Watu wakaguna. Keinan aliangalia chini.

"Mmesikia!" Kilonzo alisema.

Hapo Mzee Ndululu akainuka. Alikuwa amevaa koti lilelile. Kaluki aliuingiza mkono ndani ya mkoba, akalishika bua. Hakujua mzee angefanya nini, na hakumtegemea.

"Mizinga ni ya nani?" mzee aliuliza.

"Ni yako, mzee," watu walijibu.

"Basi mnisikilize mwenye mizinga. Nilivuna vibaya mwaka huu. Tamaa. Nilikata hadi watoto. Nyuki wakahama. Vifuniko vikapotea, nikaziba kwa mabua ya mtama kutoka shamba la mkwe wangu, bila kumwomba. Nyigu walikuwa ndani ya mabua hayo. Mimi ndiye niliyewapandisha. Huyu kijana wa Tseikuru sijamwona karibu na miti yangu hata siku moja."

Mzee mmoja nyuma alisema, "Ndululu, na miguu hiyo yako?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha, maana Ndululu hakucheka.

Bwana Musembi alikuna kidevu. Hakuwa mjinga. Alimtazama mzee, akamtazama Kilonzo, kisha akamgeukia Kaluki. "Daktari, ndivyo ulivyoona?"

Bua lilikuwa mkononi mwake. Lilikuwa jepesi sana. Uongo mzima wa mzee ulikuwa umejengwa kwa mambo ya kweli isipokuwa jina la mtu mmoja, na hilo jina hakuna aliyemwuliza.

"Niliona kwamba nyigu walitoka ndani ya mabua ya mtama yaliyozibia mizinga," alisema. "Hawakutoka maabara. Nyigu wa maabara hulelewa kwa mahindi, na vifuko vyao havina doa jekundu. Nyuki walikuwa wameshahama nyigu hao walipoamka. Keinan Maano hakuhusika." Akalitoa bua, akampa naibu chifu. "Yeyote anayetaka anaweza kuja kituoni kuangalia."

Bwana Musembi alilipasua zaidi kwa vidole, akauona wekundu, akalipitisha kwa watu. Lilizunguka uwanja mkono kwa mkono. Lilipomfikia Kilonzo, alilipitisha kwa jirani yake haraka bila kulitazama. Yeye peke yake hakulitazama.

"Basi hakuna kesi," naibu chifu alisema. "Nani mwenye haya mafuta ya taa? Aje ayachukue."

Mzee Ndululu alikuwa bado amesimama. "Nina neno moja la shukrani," alisema. "Mkwe wangu Kilonzo aliniletea asali tamu sana. Watu wote wajue. Nimeipenda mpaka naomba anilipe hivyohivyo mwakani. Ila itoke kwenye mizinga atakayochonga mwenyewe, aitie alama yake mwenyewe. Nitampa gogo la kwanza."

Watu walipiga makofi. Kilonzo, ambaye sauti yake ilizoea kujaza jengo, alisema "Asante, baba" kwa sauti ambayo Kaluki hakuisikia. Aliiona midomoni tu.

Walirudi kituoni kwa miguu, yeye mbele, Keinan nyuma. Njiani walipishana na watu wawili waliomsalimia Kaluki, wakampita Keinan. Baraza lilikuwa limemwachilia. Hao watu hawakuwa na haraka hiyo.

Maabarani, Kaluki alifungua droo, akatoa ufunguo na kuusukuma juu ya meza.

"Nilikosea hesabu," alisema. "Doa lilikuwa mbele yangu tangu Jumatano. Nilidhani ni gundi."

"Kosa si doa," Keinan alisema. Alikuwa ameshavaa koti la kazi, anafungua bomba. "Nilikuambia wa kizimbani walipata ukungu, nikawatupa. Jalala liko nyuma ya jengo hili, daktari. Ulitembea hadi bondeni, ukateremsha mizinga mitini. Jalala hukwenda kuliangalia."

Kaluki alitoka nje. Jalala lilikuwa pale palipokuwa siku zote, nyuma ya tangi la maji. Aliupindua uchafu wa juu kwa kijiti. Vipande vya mabua ya mahindi vilikuwapo, vimefunikwa na ukungu wa kijivu, na ndani yake vifuko vya hariri vilivyooza kabla ya kufunguka. Vilikuwa vyeupe. Alichukua kimoja, kwa mazoea, akakitazama kwa lenzi ya mkono, na hakikuwa na jambo lolote la kumwambia zaidi ya alilokwisha kuambiwa.

Aliporudi, ufunguo ulikuwa bado mezani.

"Chukua," alisema.

"Kaa nao, daktari." Keinan aliinua mrija wa kioo kuelekea dirishani, akautazama kama umetakata. "Kitu kikipotea tena, angalau hutaanzia kwangu."